Orodha ya Mbwa Wakali wa Kitongoji Chetu

"Mbwa huyu ni wa aina gani?"

Bwana mifugo aliniuliza hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake. Nilikuwa kidato cha pili. Nilijua aina za miamba na aina za sentensi, na ningeweza kumtajia aina za serikali kama angetaka. Mbwa wangu alikuwa ameketi juu ya mguu wangu wa kushoto, kama alivyozoea kufanya akiona watu wengi. Maswali matatu ya mwanzo nilikuwa nimeyajibu bila kusita: jina la mwenye mbwa, rangi ya mbwa, dume au jike. Hilo la nne likanikwamisha.

"Ni mbwa tu," nikasema.

Foleni nyuma yangu ikacheka. Tulikuwa nje ya ofisi ya kata, Tunduma, Jumamosi asubuhi, watu kama thelathini na mbwa wao, wengine wamewafunga kwa kamba za katani, wengine kwa vipande vya kanga.

"Mwandikie Mbemba," akasema mama mmoja muuza viazi, aliyekuja na koko wake mwenye sikio moja. "Si katokea ng'ambo ya mpaka huyo?"

"Basi kavuka bila pasi," mwanamume mmoja akadakia. "Hiyo ni kesi ya uhamiaji, bwana mifugo. Si yako."

Hata bwana mifugo alitabasamu. Kisha akaniuliza kama tuna kadi ya chanjo, nami nikaitoa mfukoni mwa sketi kwa furaha ya mtu aliyekumbuka kuja na kila kitu.

Nitarudi kwenye meza ya bwana mifugo. Kwanza niseme mbwa alitoka wapi.

Mama yangu aliuza mchele na maharage kwa wafanyabiashara wa Zambia. Mteja wake mkubwa alikuwa mama mmoja wa Kibemba aliyeishi Nakonde, upande wa pili wa mpaka, mwanamke mnene wa kucheka sana ambaye alimwita mama yangu "Bamayo", yaani mama, ingawa walikuwa rika moja. Mwaka uliotangulia wezi walikuwa wametuibia magunia mara mbili. Mara ya pili walimrushia mbwa wetu wa zamani nyama yenye sumu juu ya ua, na asubuhi tukamkuta amekauka karibu na bomba. Mama alipomsimulia rafiki yake, yule mama hakusema pole nyingi. Safari iliyofuata alikuja na kitoto cha mbwa ndani ya kikapu cha vitunguu, kikiwa kimeshachanjwa huko kwao na kina kadi yake.

"Bamayo, huyu si mbwa wa mchezo," alisema. "Baba yake ni mbwa wa mbegu."

"Baba yake ulimwona?" mama akamuuliza.

"Nilisikia alipita."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama wa yule mtoto wa mbwa alikuwa koko wa kawaida wa Nakonde, hilo halikufichwa. Alipokua, sikio lake moja lilisimama na la pili likaanguka. Mgongo ulikuwa mweusi, miguu ya rangi ya mchanga. Mama alimpa jina la kuwasema majirani, kama watu wengi wa kwetu wanavyowapa mbwa majina, na kwa kuwa baadhi ya majirani hao bado wapo, sitaliandika.

Kazi ya kumfundisha nilipewa mimi, na fundisho lilikuwa moja tu: asile chochote kutoka kwa mtu asiye wa nyumbani. Nilifundishwa mbinu hiyo na madereva wa malori. Unachukua kipande cha nyama, unakipaka pilipili kali, unampa mtu mgeni amrushie mbwa. Mbwa anakimbilia, anauma, anaungua, anapiga chafya na kuzunguka kama kichaa. Kisha wewe wa nyumbani unamwita, unamnywesha maji, unampa kipande kisicho na pilipili na unamwambia neno lenu. Neno letu lilikuwa "halali yako." Mama akitupakulia chakula alituwekea kila mmoja sahani yake na kusema hivyo, "halali yako", ili tusigombanie minofu, na mimi nikalichukua bila kufikiri.

Ilichukua miezi miwili. Mwishoni dereva yeyote angeweza kumwekea pande la nyama miguuni, naye akageuza kichwa kando kama mtu aliyetukanwa. Lakini mimi, mama na wadogo zangu wawili tukimwambia lile neno, alikula mkononi kwa upole, kwa ncha za meno. Nilijivunia jambo hilo kuliko alama zangu zote za shule.

Baba hakuwahi kumlisha. Sikuliona kuwa jambo la ajabu. Baba alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi. Kazi yake ilikuwa kuwajazia madereva fomu za forodha, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba maofisa walizipokea fomu zake bila kuzisoma mara mbili. Ujanani alikuwa amefanya kazi kwenye migodi ya shaba Zambia, na huko ndiko alikojifunza Kiingereza chake. Akitaka kwenda chooni hapo nyumbani, alizunguka nyuma ya jiko, njia ndefu, badala ya kupita pale mbwa alipolala. Sisi watoto tulidhani hataki nywele za mbwa kwenye suruali.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mzee mmoja msafirishaji, mtu wa Kondoa, mwenye yadi ya malori. Watu wote walimwita Alhaji. Akitoka kwenda msikitini aliikusanya kanzu yake kwa mkono mmoja na kuniambia, "Binti, nishikie huyo rafiki yako, nina udhu." Nilimshika, akapita, akasema "ahsante mwanangu." Kila siku hivyo. Ninalitaja kwa sababu baadaye nililitumia kama ushahidi.

Mwaka niliopanda kidato cha pili, mtoto wa darasa la pili aliumwa na mbwa karibu na machinjio. Walimwosha jeraha kwa chumvi, wakalifunga, akarudi shule. Baada ya wiki kadhaa alianza kuogopa maji. Alifariki hospitali. Nilimjua kwa sura. Alikuwa akipita mbele ya geti letu akiburuta fimbo kwenye mabati yetu ili mbwa abweke. Kila mtu alijua mbwa wa machinjio hawakuwa na mwenyewe, kundi zima la koko wenye mbavu nje waliokunywa damu kwenye mfereji. Lakini mtu hawezi kumwita mbwa asiye na mwenyewe kwenye kikao.

Mkutano wa hadhara uliitishwa Jumapili, baada ya ibada, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Mwenyekiti wa kitongoji alisoma karatasi. Mbwa wote wafungwe mchana. Mbwa wote wachanjwe na waandikishwe. Mbwa atakayekutwa anazurura atauawa. Watu waliitikia kwa vichwa. Mama wa yule mtoto alikuwa amekaa mbele kabisa, kajifunika kanga. Kisha mwenyekiti akasogeza karatasi karibu na macho.

"Na mbwa wa aina zifuatazo hawaruhusiwi kabisa kufugwa ndani ya kitongoji hiki, kwa kuwa ni wakali kwa asili yao. Alsesheni. Dobamani. Rotiwaila. Buldogi."

"Hao ni mbwa au ni timu ya Ulaya?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, na watu wakacheka licha ya msiba.

"Kaka, huyo wa namba mbili anacheza winga," mwingine akamjibu.

Baba alikuwa meza kuu, mwisho wa benchi. Alikuwa katibu wa kamati ya ulinzi ya kitongoji. Hakucheka. Nilidhani ni kwa heshima ya mama mfiwa, nikampenda zaidi kwa hilo.

Nyumbani nilimuuliza. Nilikuwa na tabia ya kuuliza, na yeye ndiye aliyeniruhusu niwe nayo. Mama alisema ananiharibu.

"Baba, kwa nini wamepiga marufuku aina? Mbwa aliyeuma si wa aina yoyote pale."

"Sheria haiwezi kungoja kila mbwa aume kwanza."

"Lakini wamejuaje aina hizo ni kali? Nani hapa amewahi kumwona Dobamani?"

"Kuna watu wamewaona."

"Na wetu?"

Alikuwa anafungua vifungo vya mikono ya shati. Alichukua muda na kifungo cha pili. "Wetu ni mbwa wa nyumbani," akasema. "Jumamosi mpeleke ukamwandikishe. Mama yako atakuwa sokoni, mimi nina madereva. Nenda na kadi yake. Watakachokuuliza, jibu ukweli. Mbwa aliyeandikishwa hana shida."

Hivyo ndivyo nilivyofika mbele ya ile meza na mbwa juu ya mguu wangu.

Bwana mifugo aliigeuza kadi huku na huku. Ilikuwa ya Kiingereza, ya upande wa pili, na aliyeijaza alikuwa ameandika kwa haraka. "Mwandiko wa hawa jamaa unanishinda," akasema. "Wewe msomi, nisomee hapa, penye aina."

Nilichukua kadi. Nilikuwa sijawahi kuisoma yote. Ilikaa kwenye sanduku la mama pamoja na kadi zetu za kliniki. Nikasoma kwa sauti, kwa matamshi niliyofundishwa na mwalimu wangu wa Kiingereza, ili hata mtu wa mwisho kwenye foleni asikie: "Alsesheni."

Neno likiwa limeshatoka ndipo nikakumbuka nililisikia wapi.

Yule mama wa viazi aliacha kumkwaruza koko wake. Bwana mifugo alifunua ukurasa wa mwisho wa daftari, ambako karatasi ya mwenyekiti ilikuwa imebandikwa kwa gundi, akashuka kwa kidole mpaka alipolifikia neno hilo. Hakuwa mtu mbaya. Alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Binti, huyu siwezi kumwandikisha."

"Mama yake ni koko. Tuulize sisi. Hata sikio lake moja limelala."

"Kadi ndiyo inayosema. Umesoma mwenyewe." Akafuta kwa mstari majibu yangu matatu. "Mwambie baba yako ana siku saba amtoe kitongojini. Zikipita, tutakuja wenyewe."

"Tena koko wangu anaandikishwa," mama wa viazi akasema polepole nyuma yangu, "na ndiye aliyemtafuna mtu wa mkaa wiki jana." Hakuna aliyecheka.

Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima. Mama aliporudi kutoka sokoni na kusikia, alishika kichwa. "Ulisoma ya nini? Si ungesema hakuna kadi?"

"Amesoma kilichoandikwa," baba akasema. "Usimlaumu mtoto."

Nilimshukuru moyoni kwa kunitetea. Kisha akasema amefikiria. Angempeleka mbwa Hasamba, kwa bibi, mama yake, kwenye shamba la kahawa. Kule si mji, orodha ile haifiki, na bibi alihitaji mbwa wa kufukuza nyani. Likizo ya mwezi wa sita ningekwenda kuchuma kahawa na ningemkuta. Ilikuwa mipango mizuri sana. Nililala usingizi.

Siku ya tano asubuhi, kabla sijaenda shule, nilimfunga mbwa kamba mpya na kumkabidhi baba. Aliishika ile kamba mwishoni kabisa, mkono ameunyoosha mbali na mwili, kama mtu aliyebeba taa inayovuja mafuta. Alikuwa amevaa shati lake jeupe. Alisema gari la rafiki yake linasubiri barabara kuu.

"Mwambie bibi asimpe mifupa ya kuku," nikasema.

"Nitamwambia."

"Na amfundishe neno. Asipomwambia neno hatakula, atakufa njaa."

Baba alisimama. "Neno gani?"

Nilimwambia, ingawa nilidhani analijua, maana alilisikia kila siku. Akalirudia mara moja, taratibu, kama anavyorudia namba ya gari kabla ya kuiandika kwenye fomu. Wakaondoka. Mbwa aligeuka mara mbili kunitazama, kisha akamfuata, kwa kuwa alikuwa baba yetu.

Mwezi wa sita nilikwenda Hasamba. Bibi alinipokea getini na kikapu cha kuchumia, na nyuma yake akaja mbwa, lakini alikuwa mbwa wake yule yule wa siku zote, mweupe, mzee, kipofu wa jicho moja.

"Bibi, wetu yuko wapi?"

"Wenu nani?"

"Mbwa. Baba alimleta mwezi wa tatu."

Bibi alinicheka. Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa Kinyiha, kinapanda mwishoni hata pasipo swali. "Baba yako huyu? Alete mbwa? Mjukuu wangu, yeye akija hapa mimi ninamfungia huyu stoo. Tangu aliporudi migodini hawezi kukaa na mbwa. Askari wa mgodi waliwaachia mbwa siku wafanyakazi walipogoma. Ana kovu huku, nyuma ya mguu. Hajakuonyesha?"

Hakuwa amenionyesha. Alituambia lile kovu ni la baiskeli. Lakini siku ile sikushughulika na kovu hata kidogo. Nilishughulika na mbwa. Nilichuma kahawa wiki mbili, na niliporudi Tunduma nikamuuliza baba kabla sijaweka begi chini.

"Alikata kamba Vwawa," akasema. "Gari liliposimama. Sikutaka kukuharibia mitihani."

Nilimwamini. Najilaumu kwa mengi, lakini hilo hunichoma zaidi: mimi mwuliza maswali nilimwamini. Jumamosi iliyofuata nilimdanganya mama kwamba nina masomo ya ziada, nikaenda Vwawa, nikapita kila bucha na kila mgahawa nikiuliza kama wamemwona mbwa mwenye mgongo mweusi na sikio moja lililolala. Muuza nyama mmoja aliniuliza kama mbwa huyo anauma. Nikasema hapana, na hali chochote asichoambiwa ale. "Basi huyo kashakufa, dada," akasema, si kwa ubaya.

Nilihitaji wa kumlaumu, na niliyemchagua alikuwa karibu. Alhaji alikuwa mjumbe wa kamati. Alhaji hakuwa na mbwa. Alhaji alikusanya kanzu. Nikaunganisha vitu hivyo vitatu nikapata jibu, na kwa kuwa jibu lilikuwa langu mwenyewe sikuliuliza swali hata moja. Nikaacha kumwamkia. Anayejua kwetu anajua maana ya msichana kupita mbele ya mzee, jirani, rika la baba yake, bila shikamoo. Yeye aliendelea kusema "hujambo binti?" kila tulipokutana, na mimi nikaendelea kutazama barabara. Mama alinipiga kwa ajili hiyo mara moja, kisha akachoka.

Miaka ikapita hivyo. Nikamaliza sekondari, nikaenda chuo kikuu. Chumbani hosteli nilikaa na mwanafunzi wa sheria, na jioni moja, katika ubishi wetu wa kawaida, nikamsimulia habari ya mbwa. Akaniambia sheria ndogo za halmashauri zinachapishwa, zinaweza kutafutwa. Tulizitafuta. Ilitupotezea alasiri mbili maktaba, lakini tuliipata ya kwetu, kurasa nne. Ilisema mbwa afungwe, achanjwe, aandikishwe. Nilisoma mara tatu. Haikutaja aina hata moja ya mbwa.

"Basi orodha iliongezwa huko huko kwenu," mwenzangu akasema. "Kuna mtu aliiandika."

Nilirudi likizo nikiwa na nakala kwenye begi na hasira iliyokwisha kupata karatasi. Bahati ikawa kwamba Alhaji alikuwa anahama. Malori alikuwa ameshayauza, anarudi Kondoa kwa wanawe. Mama alinituma nikamrudishie sinia lake. Nikamkuta amekaa kwenye kreti ya soda katikati ya yadi tupu. Nikaweka sinia chini na kabla ya salamu nikamwambia kwamba nimesoma sheria, kwamba orodha ya mbwa haikuwa halali, na kwamba najua ni nani aliyeiandika.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ni hilo," akasema. "Miaka yote hii nilidhani nimekukosea jambo la kike, nikaogopa kuuliza." Alivua kofia, akaifuta kwa kiganja, akaivaa tena. "Mwanangu, mimi nitoe wapi majina yale? Dobamani mimi nimjue wapi? Nilisema kwenye kamati, kama mbwa kauma, shida ni ya mwenye mbwa, mfungeni mwenye mbwa. Nikawaambia yule wa binti wa jirani hajamgusa mtu, ananipisha kila siku ninapokwenda kuswali. Nilikuwa peke yangu. Orodha ililetwa na katibu. Alikuja nayo imeshaandikwa, mwandiko wake ule wa nakshi."

Alhaji alikuwa mtu mwema, akaona uso wangu, akataka kuyarudisha maneno. "Huenda alitumwa na wenzake," akasema. "Sijui."

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu Kondoa."

Baba nilimkuta sebuleni anajaza fomu. Macho yake yalikuwa yamedhoofika, alikuwa ameinama karibu na karatasi. Nilisimama mlangoni.

"Baba, nani aliandika orodha ya mbwa?"

"Kamati."

"Kamati haina mkono."

Akaweka kalamu. "Mkono ulikuwa wangu. Niliandika aina ninazozijua."

"Ulijua kadi imeandikwaje?"

"Mimi ndiye niliyeitia sandukuni kwa mama yako."

"Na ukanituma mimi."

"Ndiyo."

"Kwa nini mimi? Si ungesema tu humtaki? Ungesema unamwogopa, tungemrudisha Nakonde."

Sijui kama nilipaswa kulitaja neno hilo, kuogopa. Aliangalia mguu wake, kisha akaangalia dirisha. "Mtoto wa watu alikuwa amekufa," akasema. "Ningesimama mbele ya mama yake nikiwa na mbwa wa aina ile nyumbani? Na ningesema nini kwenu? Mama yako angenicheka." Alichukua kalamu tena. "Nilikutuma wewe kwa sababu ungejibu ukweli."

Aliendelea na fomu yake. Nilikaa nyumbani siku mbili zaidi, nikarudi chuo mapema. Tangu siku ile, kila ninapofundishwa au kuambiwa jambo na mtu ninayempenda, kuna sehemu ndani yangu inayokaa kando na kuuliza amenituma nikaseme nini, na kwa niaba ya nani. Wenzangu wanasema ni usomi. Niliendelea kumheshimu baba, nikamletea miwani kutoka Dar es Salaam, nikamsomea barua zake. Tulizungumza kuhusu mvua na bei ya kahawa. Kuhusu Vwawa sikumuuliza tena. Nilibaki na Vwawa kama kitu kimoja ambacho huenda kilikuwa kweli, kwamba kamba ilikatika, kwamba alikimbia.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Itumba, kwenye ofisi za wilaya. Wakati wa chakula cha mchana mzee mmoja kwenye mgahawa alinitazama muda mrefu, kisha akaja mezani kwangu na kikombe chake.

"Wewe ni yule binti aliyesoma kadi," akasema.

Alikuwa bwana mifugo, amestaafu, anafuga nguruwe huko kwao milimani. Nilimwamkia. Tuliongea vizuri. Alisema ile orodha ilimkera hata yeye, maana baada ya sisi hakupata Alsesheni mwingine yeyote, na wale wa machinjio walizaana mpaka alipostaafu. Kisha akasema kitu alichodhani kitanifurahisha, na alikisema kwa kunisifu, kama fundi anavyomsifu fundi mwenzake.

"Lakini yule mbwa mlimfundisha. Sijaona mbwa kama yule. Baba yako alimleta kwangu, nyuma ya ofisi, asubuhi, amevaa shati jeupe. Risasi hazikuwepo siku hiyo, nilikuwa na nyama ya sumu. Nikamtupia mara ya kwanza, akageuza kichwa. Mara ya pili, akageuza kichwa. Nikamwambia baba yako, mzee, huyu hatakula kwangu. Akachukua kile kipande mkononi mwangu. Alikuwa anatetemeka, binti, mpaka mguu. Akachuchumaa, akamnyooshea, akamwambia, 'Halali yako.' Akala."